Mkono wa Mzee, Rangi za Wajukuu



Kila mwaka kitabu hiki huwaleteeni khabari za harusi na za maziko, za waliozaliwa na za waliomaliza masomo, za jamaa waliopo hapa Maskati na za wale waliotawanyika Dubai, London na kwengineko. Mwaka huu tumetenga kurasa chache kwa jambo ambalo wazee huenda wakaliona la kitoto, na watoto huenda wakaliona la kizee. Nalo ni vitabu vya picha, vile tulivyozoea kuviita komiki, pamoja na mashujaa wake wenye vinyago usoni na nguo za kubana mwilini.

Sababu ya kulieleza jambo hili ni kwamba limeshaingia majumbani mwetu. Vijana huchukua michoro ya zamani ya wino mweusi, huiingiza katika kompyuta, halafu huitia rangi mpya zinazong'aa. Baadhi ya wazee hufurahi kuona shujaa wa utoto wao amefufuka. Wengine hununa, wakasema kazi ya mtu haiguswi na mwengine, na aliyetaka rangi angeitia mwenyewe. Suala hili si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu ndani yake mna suala jengine kubwa zaidi: kile tulichorithi kwa wakubwa zetu tukiwape watoto kama kilivyo, au tuwaache wakitie mkono wao? Kabla ya kujibu, na tutazame kwanza yaliyowafika wachoraji wenyewe.

SHUJAA WA PWANI YETU

Katika mashujaa wote wa komiki, aliye karibu zaidi na sisi ni The Phantom. Alibuniwa na Mmarekani, Lee Falk, na kwa mara ya kwanza alitokea katika magazeti ya Marekani tarehe 17 Februari 1936. Hana uwezo wa kuruka angani wala risasi hazidundi kifuani mwake. Ni binadamu kama mimi na wewe, ila amevaa kinyago, ana pete ya fuvu la kichwa, na anakaa pangoni katika nchi ya kubuni inayoitwa Bangalla, ambayo hadithi za baadaye ziliiweka katika Afrika.

Asili yake ni hadithi ya baharini. Mwaka 1536 maharamia waliivamia jahazi, wakawaua wote isipokuwa kijana mmoja aliyetupwa na mawimbi ufukweni. Kijana yule akaapa juu ya fuvu la aliyemuua baba yake kwamba yeye na kizazi chake watapigana na uharamia na dhulma. Tangu hapo mtoto humrithi baba, akavaa nguo zile zile, na watu wa nje wakadhani ni mtu mmoja asiyekufa. Huyu tunayemsoma ni wa ishirini na moja.

Msomaji wa Maskati atatabasamu hapa. Mwaka huo wa 1536, katika historia ya kweli, Mreno alikuwa ameshaikalia Maskati, kwani aliiteka mwaka 1507 na hakutolewa mpaka 1650. Na wale watu wa msituni waliomwokoa kijana wanaitwa Bandar, neno ambalo masikioni mwetu ni bandari tu. Falk alikuwa mtu wa mbali, lakini bahari aliyoiandika ni hii tunayoiona kutoka Matrah.

Hatuna haja ya kuficha kwamba hadithi hizi zina ila yake. Mzungu mmoja kukaa juu ya kiti cha fuvu na kuwaamulia Waafrika mambo yao si picha inayompendeza kila mtu, na vijana wetu wana haki ya kuuliza. Hadithi yenyewe ilibadilika kwa kufuata wakati. Bangalla ikawa nchi huru yenye rais wake Mwafrika, Dakta Lamanda Luaga. Na kwa kuwa kitabu chetu ni cha harusi, tuongeze kwamba The Phantom alimuoa mchumba wake, Diana Palmer, mwaka 1977, baada ya wasomaji kungoja tangu 1936. Uchumba wa miaka 41! Wale mabibi wanaolalamika kwamba vijana wa siku hizi wanachelewa kuoa, na wapunguze kidogo.

MKONO WA SY BARRY

Mchoraji wa mwanzo wa The Phantom alikuwa Ray Moore. Baada yake akaja Wilson McCoy, aliyechora mpaka alipofariki mwaka 1961. Ndipo kazi ikamwangukia Sy Barry wa New York, aliyezaliwa 1928, ambaye aliishika kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka 1994. Kaka yake, Dan Barry, naye alikuwa mchoraji mashuhuri wa hadithi za Flash Gordon. Wengi wanaosema wanamkumbuka The Phantom, kwa hakika wanaukumbuka mkono wa Sy Barry: misuli iliyopimwa vizuri, vivuli vizito vya wino, na majani ya msituni yaliyochorwa kama kwamba upepo unayapitia.

Inafaa tueleze kazi hii inavyofanywa, kwani watoto wengi hudhani mtu mmoja hukaa akachora kila kitu kwa siku moja. Kwanza huja rasimu ya kalamu ya risasi. Hapo mistari ni mingi, mengine imekosewa na kurudiwa, na mkono unatafuta njia. Halafu huja wino. Mtia wino huchagua mstari mmoja kati ya kumi, akaunenepesha hapa na kuukondesha pale. Baada ya hapo huandikwa maneno katika vile viputo vya mazungumzo, na mwisho kabisa, ikiwa kitabu ni cha rangi, huja mtia rangi. Aghlabu kila hatua ina mtu wake. Hata Sy Barry hakuwa peke yake, kwani alikuwa na wasaidizi, na mmoja wao, George Olesen, akaiendeleza kazi pamoja na Keith Williams alipostaafu mkubwa wao.

Kwa miaka mingi jina la mchoraji liliandikwa, na mara nyingine la mwandishi, lakini la mtia rangi lilikuwa halitajwi. Rangi ilihesabiwa kuwa kazi ya kiwanda, si kazi ya sanaa. Hilo ni jambo la kulikumbuka, kwa sababu leo mambo yamegeuka, na mtia rangi ndiye anayetangazwa kwa herufi kubwa.

KIJIVU KISICHOCHAPIKA

Sasa tuingie katika rangi yenyewe. Lee Falk alipombuni shujaa wake, mawazoni mwake nguo yake ilikuwa ya kijivu, hata alikaribia kumwita Mzuka wa Kijivu. Katika magazeti ya kila siku jambo hilo halikuwa na taabu, maana hadithi zilichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Lakini mwaka 1939 zilipoanza kurasa za Jumapili, ambazo zilichapwa kwa rangi, nguo ya shujaa ikatoka zambarau. Falk hakuiomba rangi ile. Imetoka imetoka, na tangu siku hiyo katika Marekani The Phantom ni wa zambarau. Baadaye hadithi ikatafuta udhuru wake: nguo ile, ilisemwa, hutiwa rangi ya matunda ya mwituni. Udhuru huo, kwa Kiswahili, una maana zaidi kuliko kwa Kiingereza, kwani sisi rangi hiyo tumeipa jina la tunda hasa. Nani aliyewahi kula zambarau Unguja akarudi nyumbani na kanzu nyeupe?

Kwa nini kijivu kilikuwa taabu? Komiki za zamani zilichapwa kwa wino wa aina nne tu: samawati, wekundu wa waridi, manjano na mweusi. Rangi nyengine zote zilipatikana kwa kuchanganya vitone vidogo vidogo vya wino huo, ukiviangalia kwa kioo cha kukuzia utaviona vimepangana kama punje za ulezi. Karatasi ilikuwa ile rahisi ya gazeti, inayofyonza wino kama sifongo. Rangi nzito na safi zilisimama, lakini rangi ya kati na kati, kama kijivu, ilicheza: ukurasa huu kijivu, ule kijani, wa tatu karibu na nyeusi.

Mashaka hayo hayo yalimkuta shujaa mwengine, The Hulk, yule jitu la hasira lililobuniwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Katika toleo lake la kwanza, la Mei 1962, alikuwa wa kijivu. Wachapaji wakashindwa kuishika rangi ile isibadilike, na toleo la pili likatoka naye ni kijani. Leo hakuna mtoto asiyejua kwamba Hulk ni kijani, na ukimwambia kijivu atakucheka. Basi tazameni: rangi tunazozihishimu kama asili, nyengine zilikuwa ajali za kiwandani.

MTU MMOJA, NGUO MBALI MBALI

Alipoanza kusafiri, The Phantom alivaa kila alichopewa na wenyeji. Katika Uswidi na Norwe nguo yake ni ya buluu, na huko anapendwa pengine kuliko kwao Marekani. Jarida lake la Kiswidi, Fantomen, linatoka tangu 1950. Katika Italia na Brazili alivikwa nyekundu. Katika Uturuki pia ni mwekundu, na hata jina lake likafuata rangi, kwani Kızılmaske maana yake ni kinyago chekundu. Watoto wa nchi hizo walipokutana wangeweza kugombana kutwa nzima juu ya rangi ya mtu mmoja, na kila mmoja angekuwa mkweli.

Katika Bara Hindi alikuja mwaka 1964, mwezi wa Machi, katika vitabu vya Indrajal vilivyotolewa Bombay na kampuni ya gazeti la Times of India. Hapo ndipo tunapopata mfano mzuri wa jambo tunalolizungumza. Hadithi zilizokuwa zimechorwa na McCoy na Sy Barry kwa wino mweusi, kwa ajili ya magazeti ya kila siku, zilikatwa, zikapangwa upya katika kurasa za kitabu, na zikatiwa rangi na watu ambao wachoraji hawakuwahi kuwaona. Majalada mengi yalichorwa na B. Govind, kwa rangi za maji zilizokoza kama sari za sikukuu. Hata majina yalibadilishwa ili yasiwaudhi wenyeji. Nchi, iliyokuwa ikiitwa Bengali katika hadithi za zamani, ikawa Denkali. Maharamia wa Singh wakawa Singa. Vitabu hivyo vilidumu mpaka 1990, vikasomwa kwa Kihindi, Kigujarati, Kibengali na lugha nyengine kadha wa kadha. Kwa mamilioni ya watoto, ile kazi iliyotiwa rangi Bombay ndiyo ya asili, na ya New York hawakuijua.

Mwaka huo wa 1964 hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu ulikuwa mwaka gani kwetu. Januari yake ilizitawanya nyumba nyingi za Unguja. Lakini ni jambo la ajabu kidogo kwamba Februari ya mwaka huo huo, katika Beirut, Superman alianza kusema Kiarabu, na yule mwandishi wa gazeti anayejificha nyuma ya miwani, Clark Kent, akapewa jina la Nabil Fawzi. Basi wale watoto wetu waliotoka wakijua Kiswahili na Kiingereza, na kufika nchi za Waarabu hawajui kusoma Kiarabu sawasawa, walikuta shujaa naye amehama, amebadilishwa jina, na kurasa zinafunguliwa kutoka kulia. Hapana mwalimu wa lugha mpole kuliko picha. Miaka kumi na tano baadaye, 1979, Abu Dhabi ikatoa jarida la Majid, na wadogo zao wakajifunza kusoma kwa kumtafuta Fadhuli aliyejificha katika picha.

Kwa hivyo rangi kwa kizazi kile haikuwa pambo tu. Unguja ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni yoyote mpaka miaka ya 1990. Televisheni ya Oman ilianza Novemba 1974, miaka minne baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga. Familia nyingi za kitabu hiki zimo katika wito huo.

UGOMVI WA MWAKA 2008

Wapo wanaosema: mwenye kazi akiitia rangi upya mwenyewe, hapo hapana neno. Hata hapo neno lipo, na mfano wake ni Brian Bolland wa Uingereza. Mchoraji huyu ana deni na Afrika, kwani katika miaka ya 1970, yeye na mwenzake Dave Gibbons walianza kujulikana kwa kuchora hadithi za Powerman, shujaa Mwafrika aliyechapwa kwa ajili ya wasomaji wa Nigeria. Wakipokezana, huyu toleo hili na yule toleo lile, walipata mazoezi yaliyowafikisha mbali.

Mwaka 1988 Bolland alichora kitabu cha Batman kiitwacho The Killing Joke, kilichoandikwa na Alan Moore. Rangi zake zilitiwa na John Higgins, naye akazimwaga: zambarau, machungwa, manjano, waridi, kama taa za mahali pa michezo usiku. Kitabu kikapata sifa dunia nzima. Lakini Bolland hakuwa na raha, kwani mawazoni mwake hadithi ile ilikuwa ya baridi na ya huzuni. Miaka ishirini baadaye, 2008, kikatoka chapa mpya ambayo Bolland mwenyewe aliitia rangi upya kwa kompyuta. Rangi zikapoa. Sehemu za kumbukumbu karibu zikakosa rangi kabisa, isipokuwa kitu kimoja kimoja chekundu. Hata ile duara ya manjano kifuani mwa Batman ikaondolewa.

Wasomaji wakagawika. Kundi moja likasema: sasa ndiyo tumeiona hadithi kama mchoraji alivyoiona. Kundi jengine likasema: rangi za Higgins ndizo zilizotutisha tulipokuwa vijana, na nani kampa mtu ruhusa ya kutufutia utoto wetu? Nao wote wana haki. Bolland alikuwa na haki ya mistari yake. Lakini Higgins naye alifanya kazi, na kazi yake iliingia katika macho ya watu kwa miaka ishirini. Ukitia rangi mpya, huweki tu, unaondoa pia. Jambo moja tu lilizuia dhulma: chapa ya zamani ilibaki kwa watu, na anayetaka anaweza kuziweka mbili mezani akazilinganisha.

KANGA NA MLANGO

Akina mama zetu wangeutatua ugomvi huu bila ya kwenda mbali. Kanga moja, yenye mji mmoja, pindo moja na jina moja, huletwa dukani katika rangi mbali mbali. Huyu atachukua nyekundu na nyeusi, yule atachukua ya manjano, na wote watasema wamenunua kanga ile ile, kwa sababu jina lake halikubadilika. Rangi ni ya mvaaji, lakini jina na mchoro ni vya kanga yenyewe.

Lakini upo na mfano wa pili, wa mlango wa Unguja. Seremala amekaa miezi akichonga maua, minyororo na maandishi katika mbao. Miaka mia baadaye anakuja mtu na kopo la rangi ya mafuta, akaupaka wote kijani, tabaka juu ya tabaka, mpaka patasi ya fundi haionekani tena. Mlango umepata rangi mpya, na umepoteza mkono uliouchonga.

Kutia rangi michoro ya mzee kunaweza kuwa kanga, na kunaweza kuwa mlango uliopakwa. Kipimo chake ni chepesi: baada ya rangi, mstari wa mzee bado unaonekana? Khasa ikiwa ni rasimu ya kalamu ya risasi, ambayo haikutiwa wino. Rasimu ina pumzi ya mchoraji, kule kusitasita kwake na kurudia. Rangi nzito huiziba. Rangi nyepesi, iliyotandazwa kama chai juu ya karatasi, huiacha iseme. Na kipimo cha pili: jina la mzee lipo, na jina la mtia rangi lipo pembeni yake? Wa zamani walimsahau mtia rangi. Tusije sisi tukamsahau mchoraji.

WACHORAJI WA KWETU

Tukizungumza haya ya Marekani na Uingereza, tusifanye kama kwamba kwetu hapakuwa na wachoraji. Wakubwa waliokulia Mombasa wanamjua Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza katika miaka ya 1950 na kuishi miaka mingi katika gazeti la Taifa Leo. Waliokulia Dar es Salaam wanamjua Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Na waliobaki huko katika miaka ya 1980 wanalijua jarida la SANI, lililopata jina lake kwa waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo kijana Philip Ndunguru aliwapa Watanzania kina Ndumilakuwili na Lodilofa. Alifariki mwaka 1986, angali kijana, na wachoraji wengine wakawachukua wahusika wake wakawaendeleza. Huo nao ni urithi wa mkono kwa mkono, na ndani ya kurasa hizo kazi nyingi ilikuwa wino mweusi mtupu.

Wengi wa hao hawakuwa mashujaa wa kuruka, bali wajanja, wavivu na waongo wa kuchekesha. Lakini shujaa tunaye, tena wa kale kuliko Superman kwa mamia ya miaka. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, wa upande wa Ozi na Pate, alikuwa mtu mrefu asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Alisalitiwa na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti kisimani na mshale umo katika upinde, na watu wasithubutu kumkaribia kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Ana nguvu, ana siri ya udhaifu, ana msaliti. Komiki gani ina zaidi ya hayo? Kinachokosekana ni picha yake ya zamani. Hapana mtu aliyemchora Liyongo akiwa hai, kwa hivyo kila mtoto atakayemchora atakuwa mchoraji wake wa kwanza.

Na upande huu wa pili wa bahari tunaye Sindbad, ambaye watu wa Oman wanamdai kuwa wao wa Sohar. Jahazi iliyopewa jina la mji huo iliundwa Sur kwa kamba, bila ya misumari, ikatoka Maskati Novemba 1980 na kufika Canton mwaka uliofuata. Leo imewekwa katika mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan, na watoto wetu wanaipita kila siku garini bila ya kuitazama.

TUNAYOWAOMBA

Katika masanduku ya nyumba nyingi zetu mna karatasi. Nyengine ni michoro ya ami au mjomba aliyekuwa hodari wa kuchora skuli, nyengine ni kurasa za komiki zilizosafiri kutoka Unguja mpaka Dar, kutoka Dar mpaka Cairo au Dubai, na mwisho zikafika hapa. Joto na unyevu wa Maskati haviwahurumii. Kwa hivyo tunawaomba haya, tukiyataja kwa utaratibu.

Kwanza, asili isitiwe rangi kamwe. Ipigwe picha au nakala safi, na rangi zitiwe katika nakala. Asili irudi katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaozuia hewa, na iwekwe mbali na dirisha.

Pili, nyuma ya nakala paandikwe kwa kalamu ya risasi jina la aliyechora, mahali na mwaka, kama yanajulikana, kisha jina la aliyetia rangi na umri wake. Hayo yafanywe wakati wenye kukumbuka wapo nasi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, viputo vya maneno viachwe vitupu. Vijana watie rangi, na mabibi na mababu watie maneno. Watoto wetu wengi wanafahamu Kiswahili cha jikoni na cha kukatazwa, lakini hawakisomi wala hawakiandiki. Kiputo kimoja hakitaki zaidi ya maneno matano au sita. Bibi atasema, mjukuu ataandika, na atakapokosea bibi atamsahihisha. Hapo watakuwa wamekaa pamoja jioni nzima, na hakuna aliyeambiwa kwamba yuko darasani.

Hatudhani kwamba kitabu cha picha kitairudisha lugha iliyokwisha kuondoka nyumbani. Lakini tumeona kwamba shujaa anaweza kuhama nchi, kubadilishwa jina, kuvikwa zambarau, buluu na nyekundu, akabaki yule yule kwa kuwa mstari wake haukufutwa. Watu wetu nao wamehama zaidi ya mara moja. Mstari wetu ni lugha yetu na majina ya wakubwa zetu, na rangi ni za watoto watakaozaliwa hapa.

Michoro itakayofika kwa kamati kabla ya mwezi wa Ramadhani itachapwa katika kitabu cha mwaka ujao, asili upande wa kushoto na yenye rangi upande wa kulia, na majina ya wote wawili chini yake.